Majini ya Baolojia

Neno moja tu nusura linitoe shule, na aliyelibeba kutoka darasani hadi nyumbani ni mimi mwenyewe, huku nikijiona msomi. Mama alikuwa akisema nilizaliwa ninajibu kabla sijaulizwa. Alisema hivyo kwa kunilaumu, lakini nilimsikia mara mbili tatu akiwaambia majirani kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana hapo Garissa, katikati ya miaka ya tisini. Mabati ya darasa letu yalianza kulia kwa joto kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu wa baolojia alikuwa dada mwembamba aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kwao ni magharibi, kule kwenye mvua, nasi tulisema ametoka Kenya, maana kwetu mtu akivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi huwa anaenda Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Alivaa mtandio kwa heshima ya mji, ila hakujua kuufunga. Kila akigeuka kuandika ubaoni ulimwangukia mabegani, nasi tulicheka mpaka naye akazoea kuchekwa.

Siku hiyo alikuwa ametufundisha kwamba kila seli ya mwili, iwe ya jicho au ya ini, imebeba maagizo yote ya kumtengeneza mtu mzima. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama seli ya kisigino ina maagizo ya meno, mbona kisigino hakioti meno?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliitazama chaki yake, akasema, "Hilo haliko kwenye silabasi," kisha kengele ikalia akatoka. Nikadhani nimenyamazishwa. Nilimwonea, na nimemwomba radhi moyoni mara nyingi, kwa sababu kesho yake alirudi na karatasi aliyoichomoa kwenye madaftari yake ya chuo, akatuambia tufunge vitabu.

Ilikuwa fotokopi iliyofifia, picha ya kichwa cha nzi, yule mdogo anayezunguka matunda yaliyoiva. Lakini mahali ambapo nzi huota vipapasio viwili, huyu alikuwa ameota miguu. Miguu kamili, yenye viungo, imechomoza juu ya uso. Wenzangu wawili walisema audhubillahi papo hapo.

Mwalimu akaeleza. Maagizo yamo katika kila seli, alisema, lakini agizo lililoandikwa si agizo lililosomwa. Kila agizo, yaani kila jeni, linahitaji msimamizi. Wasimamizi hao ni protini, nazo zina koo zake kama watu. Ukoo aliotaka tuujue ni ule unaopanga mwili, nani awe kichwa, nani kifua, nani mkia. Wote katika ukoo huo wana kipande kimoja kinachofanana, mkono uliosukwa kwa punje za protini kama sitini hivi, na kwa mkono huo hushika uzi wa DNA mahali maalumu. Akishika hapa, jeni ya jirani inafunguliwa na kunakiliwa. Akishika pale, inafungwa inyamaze. Seli ya kisigino ina jeni ya meno, ila hakuna aliyetumwa kuifungua. Na yule nzi msimamizi wake wa kifuani, anayeamuru miguu, aliamka kichwani. Akafanya kazi yake kwa uaminifu, mahali pasipo pake.

"Na si nzi peke yake," alisema. "Panya anao. Ngamia anao. Wewe unao. Babu wa wasimamizi hawa ni mmoja, na mpaka leo wamekaa kwenye uzi kwa mfuatano uleule wa mwili, wa kichwani kwanza, wa mkiani mwisho."

Nilisimama bila kuitwa. "Mwalimu, hiyo ni abtirsi!"

Hakulijua neno. Tukamweleza kwa pamoja, tukikatizana, kwamba abtirsi ni kuhesabu baba zako mmoja baada ya mwingine, wewe, baba, babu, mpaka yule wa kwanza aliyeuanzisha ukoo, na kwamba mtoto wa Kisomali huijua kabla hajajua kufunga viatu. Mmoja wetu, Mborana, akasema nao wanayo ya kwao. Mwalimu akaliandika neno pembeni mwa ubao, likiwa na makosa mawili, akaliacha hapo wiki nzima.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tulifundishwa kwa Kiingereza, na Waingereza wanapoitaja jeni sauti yao huwa karibu sana na ile ya jini. Midomoni mwetu haikuwa karibu tu, ilikuwa jini kamili, jini wa kuchomewa ubani. Na kwa Kisomali jini ni jini vilevile, hakuna pa kukimbilia. Darasani lilikuwa jambo la mzaha. Mmoja akikosa jibu tulimwambia majini yake yamelala. Tulilisema kiasi kwamba likapoteza ladha, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwa maana nilisahau kwamba wengine bado wanalisikia.

Likizo ya katikati ya muhula nikaenda nyumbani, mtaa wetu wa ukingoni mwa mji. Baba alikuwa na ngamia wachache wa maziwa aliowaweka nje kidogo ya Garissa pamoja na kaka yake. Kila alfajiri ndugu hao wawili walikwenda kukama, maana kwetu kukama ngamia ni kazi ya wanaume, na mama aliyapokea maziwa, akayatia kwenye vyombo alivyovifukiza kwa makaa ya mgunga, akayapeleka sokoni. Maisha yetu yote yalipita kwenye vyombo vile. Baba hakuwahi kuingia darasani siku moja. Kunipeleka shule aliamua mwenyewe, akachekwa na wenzake, na akavumilia kuchekwa miaka kumi na moja. Nataka hilo lijulikane kabla sijasimulia alichofanya.

Jioni ile jua lilikuwa bado liko juu ya paa. Mama alikuwa anafukiza vyombo, nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namsomesha. Nilimwambia, kwa Kisomali chetu, kwamba kila mtu ana maelfu ya majini ndani yake. Kwamba wengine wamelala na wengine wako macho. Kwamba mwalimu wetu anajua ni nani huwaamsha. Kwamba wakiamshwa vibaya, mguu unaota kichwani, na nimeona picha.

Mama aliendelea kufukiza. Alinijua. Lakini nyuma ya ukuta wa mikeka baba alikuwa anatawadha, na maji yakakatika. Akaja akasimama na birika mkononi, mguu mmoja umelowa, mwingine mkavu.

"Rudia," alisema.

Mtu mwenye akili angesema, "Aabo, ni neno la Kiingereza." Mimi nilirudia. Nilirudia lote, nikaongeza na wasimamizi na abtirsi yao.

"Nani ana majini?"

"Kila mtu, aabo. Hata wewe. Na nusu ya yangu nimeyapata kwako."

Hadi leo nikikumbuka sentensi ile nataka kujifunika uso. Baba hakupiga kelele. Alimaliza kutawadha, akasali, kisha akaenda msikitini kumuuliza maalim kama kuna elimu ya kuamsha majini. Maalim alijibu kama ambavyo maalim yeyote angejibu kwa swali lililoulizwa vile. Aliporudi, baba alisema jambo moja: sirudi shule. Dada yake, shangazi yangu aliyekuwa na duka Eldas, kule mbele ya Wajir, alikuwa anataka msichana wa kumsaidia. Lori la kwenda Wajir lilikuwa linapakia mizigo Jumamosi asubuhi, na nafasi yangu alikwisha kuiombea.

Nililia, nikabishana, nikalia tena. Nilijaribu kueleza na kila maelezo yalizidi kuharibu, kwa sababu sikuwa na neno lingine. Nikisema jini si jini, nikaulizwa basi ni nini, nilirudi kwenye neno lilelile. Miaka kumi na moja ya shule, na nilikuwa sijui kukieleza kitu hicho kwa lugha ya mama yangu. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi michache. Niliitazama sare yangu kwenye kamba nikaona imekwisha kuwa ya mtu mwingine.

Likizo iliisha Jumanne. Jumatano sikuwepo darasani. Alhamisi alasiri, saa ambayo hata mbuzi wamekata tamaa wakalala kivulini, niliona mtandio uliofungwa vibaya unakuja kati ya nyumba za mikeka. Mwalimu alikuwa ameulizia njia nyumba kwa nyumba. Viatu vyake vilikuwa vimejaa mchanga, na uso wake ulikuwa umeiva kwa jua. Hakuna mwalimu aliyewahi kufika kwetu. Sikujua walimu wana miguu ya kufika.

Baba alimpokea kwa adabu. Mgeni ni mgeni. Mama alitandika mkeka, akamimina chai ya maziwa ya ngamia. Mimi niliambiwa nikae nyuma ya pazia na nisitoe sauti. Baba akaanza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalim, karibu sana. Mimi nauliza wewe kitu moja tu. Wewe nafundisha huyu mtoto yangu jini?"

"Ndiyo, mzee," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari. "Tena yeye ndiye anayejua jini kuliko wote darasani."

Nikauma kanga yangu.

"Jini nalala ndani ya mtu?"

"Nyingi zimelala, mzee. Zisipolala mwili utavurugika."

"Na ninyi naamsha?"

"La, si sisi. Zina wenyewe wa kuziamsha. Ukoo mzima."

"Ukoo ya majini!" Baba aliweka kikombe chini. "Na ile nzi, mguu kwa kichwa?"

"Aliyeamsha alikosea mahali," mwalimu alisema kwa furaha. "Msichana amekueleza vizuri sana!"

Nikasikia baba akivuta pumzi na kusema subhanallah, polepole, kama mtu anayefunga mlango.

Nimefikiria sana dakika ile. Kiswahili fasaha kingeweza kutuokoa hapo hapo. Majini huwa wanalala, lakini yeye alisema zimelala, zina, kuziamsha. Mtu wa Lamu angeshtuka na kuuliza ni jini gani huyo. Lakini kwetu ngeli zilikuwa mzigo tuliouacha njiani zamani, hakuna aliyezisikiliza, na wokovu wangu ukapita mbele ya baba yangu bila kupiga hodi.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuwa na Kiswahili cha kuuzia maziwa tu, ila alikuwa amekaa anatazama nyuso mbili, moja inafurahi na nyingine inaogopa, kwa maneno yaleyale. Akaniita.

"Toka huko. Kaa hapa katikati, utafsiri. Na utafsiri kinachosemwa, si unachokijua wewe."

Nikatoka, nikakaa, macho chini. Mama akamgeukia mwalimu na kuanza kuuliza kwa Kisomali, taratibu, kama anavyouliza mtu anayenunua mnyama.

"Kitu hicho kinaombwa?"

Nikatafsiri. Mwalimu akashangaa. "Kuombwa? Hapana, mama."

"Kinaogopwa?"

"Wakati wa mtihani tu."

"Kina macho? Kinasema? Kinaingia kwa mtu na kutoka?"

Hapo ndipo mwalimu aliponitazama, akamtazama baba, akatazama uso wa mama, na mkono wake ukaenda mdomoni. Mtandio ukaanguka wote. "Mungu wangu," alisema. "Jini! Mzee, umedhani... Hapana, hapana, hapana!" Alicheka, akaona hatucheki, akaacha, na macho yake yakalowa. Alipiga magoti kwenye mkeka wetu, mwalimu mwenye digrii, akasema, "Nisamehe, mzee. Ni neno la Kizungu. Ni maandishi. Maandishi madogo sana ndani ya mwili, yanayosema huyu awe mrefu, huyu awe na pua ya baba yake."

Nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyoamriwa. Jini nikaiita kilichoandikwa. Sikuongeza kitu, na ilinigharimu.

Baba akauliza, kwa Kisomali, akinitazama mimi ili nisikosee: "Maandishi ya nani?"

Nikaogopa. Mwalimu alikuwa Mkristo, na alikuwa amesoma vitabu vyenye majibu marefu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mzee, mimi nafundisha kusoma tu. Aliyeandika, wewe unamjua."

Baba akaitika kwa kichwa, mara moja. Kama kuna jibu moja maishani mwangu ambalo ningetaka kuwa nimelisema mimi, ni hilo.

Lakini hakuwa amemaliza. Kuandikwa alikubali. Kulala na kuamshwa ndiko kulikomkera. Andiko ni andiko, alisema, haliamki. Hati ya shamba hailali usingizi. Mwalimu akajaribu kwa taa na swichi, kisha akatazama huku na huku akaona hatuna umeme. Akajaribu mbegu na mvua. Baba akasema mbegu ni mbegu. Nilikuwa natafsiri huku naliona lile lori.

Mama akasema, "Yule mwekundu."

Baba akamtazama.

"Yule ngamia mwekundu," mama alisema. "Ndama wake alipokufa, alitoa maziwa?"

"Hakutoa."

"Siku ngapi?"

"Wajua mwenyewe."

"Maziwa yalikuwa wapi? Yalikuwa yamekwisha?"

"Yalikuwa ndani."

"Wewe ulifanya nini?"

Baba alinyamaza, na mimi nikawa namtafsiria mwalimu ukimya. Alichofanya tulikijua wote. Alimchuna yule ndama, akaijaza ngozi nyasi kavu, akaibeba begani kama mtoto, akaiweka mbele ya mama yake. Ngamia alinusa shingo, akanusa mgongo, na maziwa yakateremka. Kila mfugaji wa kwetu anaijua kazi hiyo na hakuna anayeipenda.

"Niliweka ngozi," baba alisema hatimaye.

"Ngozi ni jini?"

"Ngozi ni ngozi."

"Basi," mama alisema, akachukua birika lake. "Yamo ndani siku zote. Hayaji mpaka aje anayetambulika."

Nilipomaliza kutafsiri hilo, mwalimu alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Alisema, "Mama, sema tena," na mama akasema tena, akidhani hajasikika. Mwalimu akataka kujua yote. Je, mtu yeyote anaweza kukama? Baba mwenyewe akajibu, maana sasa swali lilikuwa lake: hapana, ngamia hukubali mkono anaoujua. Na kaka yake je? Kaka yake anakubaliwa, mikono yao inafanana na wimbo wao wa kukamia ni mmoja, lakini kila mmoja ana ngamia wake, na siku wakibadilishana hupigwa teke. Na kama hamtaki maziwa yatoke yote? Hufungwa, baba alisema, akaonyesha kwa vidole jinsi anavyofunga chuchu mbili kwa kamba ya magome, za ndama, na kuacha mbili, za watu.

"Ndio hao wasimamizi," mwalimu alisema. Alinishika goti. "Mwambie ndio hao hasa. Ukoo wa mikono inayofanana. Kila mmoja ana mahali pake pa kushika. Mmoja anateremsha, mwingine anafunga. Mwambie mimi nimesoma chuo miaka minne na sijawahi kuelezwa vizuri hivi."

Nikamwambia. Baba alijaribu kuficha uso, lakini ndevu zilimsaliti.

Kisha akanigeukia. "Wewe umesema hao wasimamizi wana abtirsi."

"Ndiyo, aabo."

"Hesabu."

Ndivyo alivyokuwa akiniamuru nikiwa mdogo, kwa neno hilohilo, na kidole gumba kikiwa tayari kwenye pingili za vidole. Nikahesabu. Nilianza na aliyekaa usoni, nikaenda kwa wa shingoni, wa mabegani, wa kifuani penye mbavu, wa kiunoni, mpaka wa mwisho kule mkiani, na baba alikuwa anasogeza kidole pingili kwa pingili. Nikasema kwamba kwa nzi ukoo ni nyumba moja, lakini kwetu sisi wenye uti wa mgongo umegawanyika nyumba nne, na kila nyumba imeushika mpangilio uleule wa babu yao.

"Nyumba nne," alirudia. Hilo lilimwingia. Koo kugawanyika nyumba alilijua kuliko mwalimu na mimi tukiunganishwa.

"Na nzi ni ndugu yao?"

"Kwa mbali sana, aabo."

"Nzi, hapana," alisema baba, na akasimama kwenda kusali alasiri.

Mpaka alipofariki hakumkubali nzi. Mengine yote aliyakubali, na baadaye niliwahi kumsikia akimsimulia kaka yake kwamba ndani ya ngamia kuna ndugu wengi wenye mikono midogo, kila mmoja na kazi yake. Nami nimefundisha baolojia miaka mingi sasa, katika shule zenye umeme na zisizo nao, na sijawahi kuanza somo hilo kwa swichi. Naanza na ngozi iliyojazwa nyasi. Wanafunzi wa mjini huguna kwa kinyaa, kisha wanaelewa, na kila mara wanapoelewa namshukuru mama, aliyekuwa hajui kusoma jina lake.

Lakini siku ile mwalimu aliondoka bila jibu. Aliacha kwenye mkeka barua ya mwalimu mkuu: mzazi aje atie sahihi kwamba amekubali binti amalize masomo, kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi yake itafutwa. Baba aliporudi aliitazama barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Ijumaa ikapita hajasema neno. Mama naye hakumuuliza. Nilimlaumu kimoyomoyo kwa kutomuuliza. Sikujua bado kwamba kuna watu ukiwasukuma wanarudi nyuma, na mama alikuwa ameishi na mmoja wao miaka ishirini.

Jumamosi asubuhi baba aliniambia nichukue vitu vyangu vyote. Nikafunga furushi. Mama alinipa kopo la samli la kumpelekea shangazi, akanishika kichwa akanisomea dua, wala hakulia, na hilo lilinivunja zaidi. Nikamfuata baba. Alitembea mbele kama kawaida yake, hatua ndefu, hageuki. Tulipofika penye malori, lile la Wajir lilikuwa limejaa magunia na watu wamekwisha kupanda juu. Baba alisalimiana na dereva, wakaulizana habari za mvua, za nyasi, za watoto, salamu zote hadi mwisho, nami nimesimama na furushi kichwani. Kisha akageuka, akachukua kopo la samli mkononi mwangu, akampa dereva.

"Mpe dada yangu, Eldas," alisema. "Mwambie msichana hakuweza kuja. Ana mtihani."

Akaanza kutembea tena, upande wa shule, mbele yangu, hageuki. Nilikimbia kumfikia, nikabaki hatua mbili nyuma, maana sikutaka aone uso wangu, na nadhani yeye hakutaka nione wake.

Ofisini tulimkuta karani peke yake. Baba alitoa ile barua, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza. Karani akamsogezea kalamu. Baba akaitazama ile kalamu, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Karani akaelewa, akasogeza wino. Baba akabonyeza kidole gumba, akakiweka kwenye karatasi, akakishikilia kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha kwenye wino na kukibonyeza tena, kando ya alama ya kwanza.

"Mzee, moja inatosha," karani alisema.

"Hii ya mimi," baba alisema. Akaipuliza ile ya pili ikauke. "Hii ya mama yake."